Jini Anapopenda: Namna ya Kusoma na Kuhakiki Riwaya za Mapenzi za Ghaibu na za Maisha ya Leo

Kwenye saluni za Majengo, ndani ya daladala za Kiborloni na katika mabweni ya vyuo vya Moshi, simu nyingi siku hizi zimebeba simulizi. Binti anasukwa huku anasoma sehemu ya kumi na saba ya kisa cha msichana aliyependwa na jini, na aliyekaa kiti cha pili anamsubiri amalize amhadithie. Anapita mtu mzima, anachungulia, mabishano yanaanza. Mmoja anasema kusoma mambo hayo ni kuita mapepo. Mwingine anasema ni upuuzi wa kitoto, someni vitabu vya maana. Wa tatu, msomaji kama wao, anasema kisa chenyewe kimeandikwa ovyo, na papo hapo anaambiwa ana wivu na mwandishi.

Hapo maswali matatu yamefungwa fundo moja: kitabu hiki ni cha aina gani, kinamfaa nani, na kimeandikwa vizuri au vibaya? Kila swali lina jibu lake, na jibu la moja haliwezi kukopeshwa kwa jingine. Ninaandika kulifungua fundo hilo kwa sababu wasomaji wa hadithi za mapenzi wanadharauliwa mno hapa kwetu, wengi wao wakiwa wasichana na kina mama, na dharau hiyo inawanyima kitu muhimu: kuhakikiwa kwa vitabu vyao kwa umakini uleule tunaowapa waandishi wanaotahiniwa shuleni.

Tuanze na majina. Riwaya ya mapenzi, kwa maana wanayoielewa wachapishaji na wasomaji wake wa kudumu, haimaanishi kila kitabu chenye watu wanaopendana. Penzi lazima liwe ndilo kisa chenyewe; ukiling'oa, hakibaki kitu. Sharti la pili ni kwamba mwisho uache matumaini. Wapenzi wapite kwenye moto wote unaoutaka, lakini ukurasa wa mwisho uwakute pamoja, au angalau njiani kuwa pamoja. Kitabu ambacho mmoja anakufa mwishoni kinaweza kuwa kizuri sana, ila wasomaji wa aina hii watakuambia hicho ni kisa cha huzuni chenye mapenzi ndani yake.

Riwaya ya mapenzi ya ghaibu inashika masharti hayohayo, isipokuwa mmoja wa wapenzi, au wote wawili, si binadamu wa kawaida. Anaweza kuwa jini, mzuka, mchawi, vampaya anayeishi kwa damu, au mtu anayegeuka mbwamwitu. Ghaibu inakuwa imeingia ndani ya penzi lenyewe. Kama kisa kinahusu zaidi kumsaka muuaji mwenye nguvu za giza, na mapenzi yanachungulia tu hapa na pale, hiyo ni riwaya ya ghaibu lakini si ya mapenzi. Njia rahisi ya kuzipambanua ni kujiuliza kinachokufanya ufunue ukurasa unaofuata: unataka kujua hawa wawili watapatanaje, au unataka kujua nani atashinda?

Riwaya ya maisha ya leo nayo inatokea katika dunia tunayoijua, wakati wetu huu, bila muujiza wowote. Kuna kodi ya nyumba, mkopo wa kikundi, ndoa, mawifi, kazi isiyolipa. Inaweza kuwa ya mapenzi au isiwe.

Kiumbe peke yake hatambulishi kitabu

Watu wengi hukitazama kiumbe kilichomo, wakaamua aina ya kitabu kwa kiumbe huyo. Hii ndiyo njia ya kupotea haraka zaidi. Muhammed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, jina lingeweza kumfanya msomaji ategemee mizuka. Akifungua anakutana na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, anayefumbua mauaji kwa akili tupu. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze iliyotoka mwaka 1952, ana majini na watu waliogeuzwa manyani, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kukiita kitabu cha kutisha. Ghaibu ile inafunza adili. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001, marehemu babu anamrudia mjukuu wake mwenye cheo na kumsuta. Unaona jinsi ghaibu ilivyo kongwe na yenye heshima katika fasihi yetu. Anayedai mambo haya yaliletwa na sinema za Marekani hajapita hata kwenye rafu ya vitabu vya sekondari.

Sasa tumchukue jini mahaba. Katika mazungumzo ya kwetu huyu ni balaa. Anamwandama mtu, anamvunjia uchumba, anakaa katikati ya mke na mume, na familia zinahangaika kwa masheikh na wachungaji. Mumiani, ambaye wazee wa pwani na bara walimwogopa tangu enzi za ukoloni, alisemekana kukamata watu na kuwanyonya damu ili ikatumike kwa dawa. Hofu zile hazina chembe ya mapenzi ndani yake.

Lakini vampaya wa Ulaya alianzia hukohuko kwenye balaa. John Polidori alimwandika mwaka 1819 akiwa bwana mkubwa anayeangamiza wanawake. Bram Stoker, mwaka 1897, alimtoa Dracula Transylvania akampeleka Uingereza, na kitabu kizima ni mbio za kumwua. Ilichukua muda mrefu kiumbe huyo apewe nafasi ya kusema yaliyo moyoni mwake, kama Anne Rice alivyofanya mwaka 1976, na muda mwingine tena hadi Stephenie Meyer, mwaka 2005, alipomkalisha darasani kwenye mji mdogo wa mvua huko Marekani, akampenda msichana wa sekondari. Wapo wengi kwetu waliomfahamu kwanza kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea sinema mtaani, DJ akitafsiri, kabla hawajajua kwamba kuna kitabu.

Meno ni yaleyale na damu ni ileile. Kilichobadilika ni hisia ambayo mwandishi anataka msomaji abaki nayo. Waandishi wa simulizi za Kiswahili wanaomgeuza jini mahaba kuwa mpenzi wa kutamaniwa wanafanya kazi iliyowachukua Wazungu zaidi ya karne moja, na wanaifanya mbele ya wasomaji ambao baadhi yao wanamwogopa jini huyo kwa dhati. Ni kazi ngumu. Mhakiki anayelijua hilo hatampiga mwandishi kwa kosa la "kupotosha majini". Atauliza kama hofu ya msomaji imeheshimiwa kwanza, ndipo ikageuzwa polepole kuwa hamu, au kama jini ametua tu sura ya kwanza akiwa na kifua kipana na manukato.

Ahadi ya kitabu

Kila aina ya kitabu inatoa ahadi kabla hujasoma. Ukiagiza mtori, supu yetu ya ndizi, kwa mama lishe pale Mbuyuni ukaletewa pilau, una haki ya kulalamika hata kama pilau hilo ni tamu. Lakini ukiagiza mtori, ukaletewa mtori, kisha ukaukosoa kwa kukosa mchele, tatizo liko kwako. Uhakiki mwingi ninaousikia ni wa namna hii ya pili. Mtu anachukua riwaya ya mapenzi, anailaumu kwa sababu "mwisho ulijulikana". Mwisho ulipaswa kujulikana! Msomaji wa riwaya ya mapenzi anajua tangu mwanzo kwamba watapatana. Anachokilipia ni njia: vikwazo gani, maumivu gani, nani atabadilika ili penzi liwezekane.

Nitatunga kisa hapa ili tuwe na kitu cha kushika. Neema anauza mitumba Kiborloni. Jioni moja, karibu na stesheni ya zamani, anakutana na kijana mpole anayeonekana na umri wa miaka kumi na tisa. Kijana huyo alikuwa kibarua wa reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, wakati wa Mjerumani. Alipatwa na jambo usiku mmoja kazini, na hajazeeka tangu siku hiyo. Sheria yake ni moja: hawezi kuvuka maji yanayotiririka.

Msomaji akiambiwa sheria hiyo katika sura ya tatu, anaikubali bila kubisha. Huo ni mkataba. Sasa sura ya ishirini Neema yuko hatarini ng'ambo ya Mto Karanga, na kijana anatokea tu, amemkumbatia, machozi yanawatoka. Amevukaje? Kitabu hakisemi. Hapa mhakiki ana kitu halisi cha kuandika. "Majini hayapo" si uhakiki, kwa kuwa mwandishi hakuwahi kudai yapo. "Kijana huyu amevunja sheria ya kitabu chake mwenyewe" ni uhakiki, na unaweza kuuthibitisha kwa kutaja sura mbili.

Kuna sababu ya ndani zaidi inayofanya kosa hilo liume. Katika riwaya hizi sheria ya kiumbe ndiyo kikwazo cha penzi. Mto ule ndio ukuta uliowatenganisha. Mwandishi angeweza kumwachia Neema avuke mwenyewe, akaacha soko, mama na maisha yake upande wa pili. Hapo tungejua anapenda kiasi gani. Au angemvusha kijana kwa gharama, arudi kuzeeka kama sisi, siku kwa siku. Akivuka bure, penzi nalo limepatikana bure.

Nani mwenye nguvu

Hapa ndipo naona wahakiki wetu wanapita haraka kuliko inavyostahili. Yule kijana wa reli ana sura ya miaka kumi na tisa, lakini ameishi zaidi ya karne. Ana nguvu kuliko Neema, anaingia chumbani bila kubisha hodi, pengine anasoma mawazo yake. Tena vitabu vingi vya aina hii vina jambo la kuandikiwa: kiumbe akimwona tu binti anajua huyu ndiye wake, majaliwa yameshaamua. Ninaelewa kwa nini jambo hilo linapendwa. Kwa binti aliyezoea wanaume wa "nitakupigia", kuchaguliwa mara moja na kwa milele, bila shaka yoyote, ni ndoto tamu, na hakuna aibu kuiota.

Lakini mhakiki ana swali moja la kuuliza kila mara: Neema akisema "niache", nini kinatokea? Kama kijana anaacha kweli, akaumia, akangoja, na Neema akarudi kwa miguu yake, hilo ni penzi. Kama anamfuata hadi nyumbani, anawatisha wanaume wengine, anamfungia mlango "kwa usalama wake", na kitabu kinatutaka tuyeyuke, mhakiki aseme wazi kwamba anachokiona ni kutawaliwa. Kusema hivyo hakumaanishi kitabu kizuiwe. Tazama pia kama kitabu kinaonyesha utawala huo au kinausifu. Utajua kwa matokeo yake: je, kuna mhusika yeyote, rafiki yake, mama yake, jirani, anayeona kwamba mambo hayako sawa, na je, kitabu kinamsikiliza?

Swali hilohilo linazihusu riwaya za maisha ya leo, na huko linauma zaidi. Simulizi za tajiri na mwanafunzi ni nyingi. Tunaishi katika nchi ambayo sheria ya elimu, tangu marekebisho ya mwaka 2016, inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi. Mwandishi anaweza kuandika juu ya jambo hilo, na pengine anapaswa. Akiliandika kama bahati njema iliyomdondokea binti, mhakiki asinyamaze eti kwa sababu lugha ni tamu.

Pale ambapo hakuna jini

Kuna imani kwamba kisa cha maisha ya leo ni bora kwa sababu ni "cha kweli". Sikubaliani nayo. Riwaya ya namna hii ina ahadi yake, na ahadi hiyo ni ngumu kutimiza kwa sababu msomaji anaishi mlemle. Mkazi wa Moshi akisoma kwamba mhusika alisimama mjini saa sita mchana, katikati ya mvua za Aprili, akaitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yote ikimeta, ataacha kumwamini msimulizi. Mlima huo mara nyingi hujionyesha alfajiri na jioni, kisha hujifunika. Mhusika akitoka Arusha na kufika Moshi kwa robo saa, kwa barabara ya kilomita takriban themanini, vivyo hivyo. Na Neema wetu, hata tukimwondolea kijana wa reli, lazima aamke mapema kuwahi belo linapofunguliwa, maana anayechelewa huambulia masalia.

Hata hivyo, usahihi wa vitu hautoshi. Fikiria safari ya Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, mabasi yamejaa, na kijana anampeleka mchumba kwao kwa mara ya kwanza. Mwandishi mmoja atatupa mbege (pombe ya ndizi), ndizi na nyama kama mapambo ya kalenda. Mwingine atatuonyesha nani alimkabidhi mchumba kata ya mbege, nani alijifanya hamwoni, na mama mkwe alimwita kwa jina lake au alimwita "mgeni" hadi siku ya kuondoka. Kwa yule wa pili kila kitu kinafanya kazi ya penzi. Mhakiki akiona tofauti hiyo, aitaje na atoe mfano.

Na tajiri kijana asiye na ndugu hata mmoja wa kumwomba ada, asiyeonekana akifanya kazi, anayetokea na gari jipya kila binti anapolia? Huyo anahitaji maelezo zaidi ya jini. Jini angalau amepewa sheria.

Kufaa na ubora

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, haina jini wala mzuka. Ni kisa cha binti, nyumba yenye baba mkali, na yanayompata anapotoka. Mwanzoni ilizuiwa shuleni, na leo ni miongoni mwa riwaya za Kiswahili zinazoheshimiwa sana. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu kadhaa mashuleni kwa sababu za maadili, na nikasikia watu wakihitimisha kwamba vitabu vile "ni vibaya". Swali la umri ni la haki, na mzazi ana wajibu wa kuliuliza. Ila kitabu kisichomfaa mtoto wa darasa la sita kinaweza kuwa kimeandikwa kwa ustadi mkubwa, na kinachomfaa kinaweza kuwa hakina ladha. Mhakiki mwema hutenga mstari mmoja kwa ajili ya hili: kitabu kina matukio ya chumbani, kina ubakaji, kina kifo cha mtoto. Msomaji ataamua mwenyewe.

Kwa ndugu zangu wanaokwepa vitabu vya majini kwa sababu ya imani: hiyo ni haki yenu, na "mimi sisomi hivyo" ni jibu kamili lisilohitaji utetezi. Tatizo linaanza mtu anapokitolea hukumu kitabu ambacho hakukifungua.

Sasa kalamu mkononi

Kusimulia kisa mwanzo hadi mwisho ni muhtasari. Kusema "usikose, ni moto!" ni tangazo. Kusema "mwandishi huyu hana elimu" ni tusi. Uhakiki unamweleza msomaji ahadi ya kitabu, namna ilivyotimizwa au kuvunjwa, na ushahidi wake. Kwa kisa cha Neema, huu hapa unatosha:

"Riwaya ya mapenzi ya ghaibu, kwa watu wazima. Muuza mitumba wa Kiborloni na kibarua wa reli asiyezeeka. Mazungumzo yao sokoni ni ya kuaminika na yanachekesha, na mwandishi anamwachia Neema kusema hapana mara mbili bila kuadhibiwa. Sheria ya kutovuka maji imejengwa vizuri, kisha inasahauliwa karibu na mwisho, na kwa sababu hiyo kilele hakikunigusa. Watakaopenda penzi la polepole watafurahi; wanaotaka kujua kila chanzo cha ghaibu watabaki na maswali."

Angalia kwamba sikusema nini kilitokea mtoni. Unaweza kutaja kasoro ya kilele bila kufichua kilele. Kama hoja yako haiwezekani bila kumwaga siri, mwonye msomaji kabla.

Nyota nazo zinaleta ugomvi usio wa lazima. Kwenye Goodreads, mtandao wa wasomaji wa vitabu, nyota mbili zinamaanisha kitabu kilikuwa sawa tu, na tatu kwamba umekipenda. Mwandishi wa kwetu akipewa tatu anaona ametukanwa, kwa sababu shuleni tulizoea alama. Ukitoa nyota, eleza kwa maneno unazipimaje.

Ukipewa kitabu bure, sema. Marekani, tangu mwaka 2009, miongozo ya tume inayosimamia biashara ya haki inawataka hata waandishi wa mitandaoni waweke wazi wanapopewa kitu ili wakisifie. Kwetu, hata pasipo kusukumwa, msomaji anastahili kujua. Kama ulipewa nakala ya awali, usimlaumu mwandishi kwa makosa ya chapa yatakayorekebishwa kabla ya kitabu kutoka.

Jambo la mwisho linawagusa waandishi mfukoni. Wengi wa simulizi huuza sehemu kwa sehemu kwa malipo ya simu, kiasi kidogo kila mara. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakuruhusu kunukuu kwa kiasi kinachostahili, ukimtaja mwandishi na chanzo. Haikuruhusu kurusha sehemu nzima kwenye kundi la WhatsApp na kuandika chini yake "someni, ni nzuri sana". Nukuu aya moja unayoijadili, andika jina la mwandishi kwa usahihi, na uweke namba au duka anakouzia, ili aliyevutiwa ajue pa kununua.